Funguo Zilizopanda Treni

Kwa miaka kumi na tisa Sista Agnetha alikuwa mkuu wa wodi ya akina mama waliofanyiwa upasuaji, katika hospitali moja pale Tabora. Funguo za kabati la dawa kali alizibana kwa pini ndani ya mfuko wa gauni lake. Hata chooni alikwenda nazo. Msimcheke. Zamani dawa ikipotea, aliyeitwa ofisini ni mkuu wa wodi peke yake.

Mwaka huu ukaja utaratibu mpya. Wakuu wa wodi wakakalishwa semina siku mbili, wakaambiwa mkuu asishike kila kitu. Afundishe, asimamie, na funguo akae nazo kiongozi wa zamu. Agnetha akasaini, akarudi wodini, funguo palepale.

"Sista, semina imeisha, bado umezing'ang'ania tu?" akamtania Tatu, kiongozi wa zamu.

"Wewe uliyesahau kipimajoto kitandani, ndiyo nikupe kabati?"

Wakacheka, yakaisha.

Jumamosi moja akafiwa na shangazi yake, huko Tura. Alipitia wodini mapema, akatoa dawa za asubuhi mwenyewe, akawahi treni akiwa na gauni la kazi chini ya kanga. Walikuwa wanakaribia Tura simu ilipolia.

"Sista shikamoo, pole na msiba," alisema Tatu.

"Marahaba, mwanangu. Sema."

"Kabula wa kitanda cha sita analia. Muda wa sindano yake ya maumivu umepita. Funguo umeziacha wapi?"

Agnetha akajipapasa. Pini ilikuwepo, na funguo zilikuwepo.

Tatu akakimbilia wodi ya jirani kuazima dawa. Mpaka saini zikapatikana, saa moja na nusu ilikuwa imepita. Siku mbili nzima wakaishi kwa kuazima. Kule msibani watu walidhani Agnetha anamlilia shangazi tu.

Jumatatu alifika na macho mazito ya kukesha matangani, akaenda moja kwa moja kitanda cha sita.

"Kabula, juzi uliteseka kwa sababu yangu. Nilisafiri na funguo. Nisamehe."

"Mimi nilidhani dawa imeisha. Kumbe ilikuwepo?"

"Ilikuwepo, hapo kabatini."

"Basi ndiyo mbaya zaidi, Sista." Akageukia ukutani.

Agnetha akamnyooshea shuka. Kisha akamwendea Tatu, akafungua pini.

"Shika. Ukimaliza zamu mkabidhi anayekupokea, muandikishiane daftarini."

"Na wewe?"

"Mimi nitakaa nikuangalie unavyohesabu dawa. Ukikosea nitakuambia."

Akavuta kiti. Mara ya mwisho kuketi saa mbili asubuhi ilikuwa lini, hata mwenyewe hakumbuki. Miguu ilimuwaka moto.

Saa ya sindano ya Kabula ilipofika, aliinuka kwa mazoea, mkono mfukoni. Akagusa matundu ya pini kwenye kitambaa. Tatu alishafungua kabati. Agnetha akarudi taratibu kitini, akatazama.