Hatua Elfu Nane za Mama

Nilikuwa namenya ndizi jikoni, na mama amesimama karibu na mafiga akikoroga maharage, nikasikia harufu ya plastiki inaungua. Nikatazama mfuniko, nikatazama ndoo, nikatazama mifuko iliyoning'inia ukutani. Halafu nikatazama chini. Kaa la moto lilikuwa limedondoka, mama amelikanyaga, ndala yake inatoa moshi, na yeye anaendelea kukoroga huku ananiuliza kama chumvi nimeweka.

"Mama, mguu!"

"Mguu umefanyaje?"

Hakuwa amesikia chochote. Nilimvuta akakaa kwenye kigoda, nikamvua ndala. Moto ulikuwa umeila mpaka karibu kutokea upande wa pili. Kwenye ngozi kulikuwa na alama ndogo tu, kama ya kuumwa na siafu. Mama aliigeuza ile ndala, akacheka. "Ndala za siku hizi ni karatasi."

Mimi sikucheka. Nilikuwa najua kitu ambacho mama hakukijua. Daftari lake la kliniki lilikuwa la uongo, na aliyeuandika uongo huo ni mimi.

Mama aligundulika ana sukari miezi michache kabla ya hapo, nikiwa ndiyo nimeingia kidato cha tatu. Baba alifariki nikiwa mdogo, kwa hiyo nyumbani Kanazi tuko wawili tu. Nikisema niliogopa, naomba ieleweke hivyo: sina mwingine. Muuguzi wa kituo cha afya, ambaye wote tunamwita daktari, alimpa mama masharti matatu. Ameze vidonge, ale kwa kipimo, afanye mazoezi. Hilo la tatu mama alilicheka njia nzima.

"Nikimbie barabarani nimevaa kaptula? Jembe nimelishika tangu nina miaka saba, leo naambiwa sina mazoezi!"

Mama mdogo, yule anayeshona nguo Biharamulo, aliposikia alikuja na simu yake ya zamani ya kupangusa. Ndani alikuwa ameweka programu ya kuhesabu kalori. Ukitembea nayo inahesabu hatua. Ukiiambia umekula nini na umefanya kazi gani, inapiga hesabu na kukuonyesha kama bado una nafasi ya kula au umeshazidisha. Yote iko kwa Kiingereza.

"Wewe si ndiye msomi," aliniambia. "Andika kila kitu humo, halafu unakili kwenye daftari, daktari aone."

"Na kazi za nyumbani, mama mdogo? Ni mazoezi?"

"Kwani kulima ni kulala? Andika."

"Hapo sasa umesema," mama akadakia.

Nilipekua orodha ya mazoezi kwenye ile simu. Kulikuwa na kuogelea, kuendesha baiskeli, kucheza tenisi. Bustani ilikuwepo, ina picha ya mama wa Kizungu amevaa glavu anamwagilia maua. Palizi ya maharage haikuwepo. Kupandisha ndoo ya maji kutoka bondeni haikuwepo. Nikawa nachagua kile kinachokaribia. Mwanzoni nilikuwa naipenda kazi hiyo, niseme ukweli. Nilijiona kama karani.

Sasa huku kwetu, ikijulikana kwamba mama wa nyumba anaumwa, kazi zake zinagawanywa. Hakuna anayeitisha kikao. Wanawake wa jumuiya yetu ya kanisani walikuja siku mbili wakampalilia maharage, na yeye akawekewa kiti pembeni mwa shamba, akapewa ungo wa maharage makavu achambue. Jirani yetu, bibi ambaye migomba yake inapakana na yetu na sauti yake inafika ng'ambo ya bonde, alinisimamisha njiani.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwana wanje. Sikia. Nisimwone mama yako kwenye chemchemi. Nikimwona na ndoo, nitajua hakuzaa."

Ananiita mwana wanje, mwanangu, kwa upendo, lakini mdomo wake nauogopa. Kwa hiyo nilichukua kila kitu. Maji kabla ya shule, safari mbili. Kuni. Kufagia. Kutwanga mihogo. Mama akishika ufagio namnyang'anya. Na simu nilikuwa nayo mimi, kwa sababu mama alisema akikaa nayo yeye itatumbukia kwenye sufuria. Niliiweka kwenye mfuko wa sweta. Ikashuka na mimi bondeni, ikapanda na mimi, na shuleni ikawa inabaki humo humo mfukoni, imezimwa sauti, naombea mwalimu asiione. Jioni ikaandika hatua elfu nane. Simu ilidhani mimi ni mama.

Niliona siku ile ile ya kwanza. Sitadanganya kwamba sikuona. Lakini mama alikuwa amemaliza sahani yake, kile kipimo kidogo, akawa anafuta mchuzi kwa kidole. Alikuwa amekonda mpaka kitenge kinamzunguka mara mbili.

"Hiyo simu inasemaje? Inaniruhusu kidogo?"

Kwenye kioo kulikuwa na nafasi kubwa, kwa sababu ya zile hatua.

"Inaruhusu, mama."

Akaongeza ndizi mbili. Akazila polepole, akanisimulia habari za harusi moja ya zamani ya kule Bugarama, akacheka mpaka akakohoa. Nilikuwa sijamwona hivyo tangu augue. Nikajiambia kazi ni za nyumba moja, zimefanyika, aliyezifanya si tatizo. Kesho yake nikaandika tena. Ile palizi ya wanawake nayo nikaiandika: kulima, kwa saa tatu. Mama si alikuwepo shambani?

Ikawa kila jioni anaiuliza simu, akiamini inamhesabia hata ikiwa kwangu, na kila jioni simu inaruhusu. Mama alikuwa anakula kwa miguu yangu.

Halafu kiu ikaanza. Anamaliza jagi la maji, anataka lingine. Kitabu cha nyimbo anakishika mbali, mkono umenyooka, anasema waliochapa wamebana wino. Miguu anasema inafanya ganzi. Karibu na shule yetu kuna mzee aliyekatwa mguu kwa sababu ya sukari, anakaa kwenye benchi nje ya duka, na suruali upande mmoja ameikunja na kuibana kwa pini. Nikawa nazungukia njia ya nyuma ili nisimpite. Ukinizoea utajua mimi ni mtu ambaye darasani najua jibu na naangalia chini. Kila asubuhi nilisema leo namwambia. Nikifika mbele yake ulimi unakuwa mzito, kwa sababu nikisema, atajua kwamba kila ndizi aliyoifurahia nilimdanganya. Nikawa nasema kesho. Mpaka siku ya ile ndala.

Jumatano iliyofuata tulipanda bodaboda, mama katikati, mimi nyuma, kwenda kliniki. Daftari alikuwa amelifunga kwenye kitambaa kama Biblia. Analionea fahari.

Daktari alimtoboa kidole, akasoma kipimo cha sukari. Akatoboa kidole kingine. Akasoma tena. Ndipo akafungua daftari.

"Mama, hizi hatua ni zako?"

"Zangu. Huyu ndiye karani."

"Na kulima kwa saa tatu?"

"Palizi ilifanyika," mama akasema, na nikaona anaangalia dirishani.

Daktari aliendelea kufunua kurasa. "Unafanya kazi yote hii. Unakula kwa kipimo, vidonge huruki, na sukari imepanda kuliko mwezi uliopita. Basi vidonge vimeshindwa, mama. Tuanze sindano."

Bibi yangu, yaani mama yake mama, alianza sindano za sukari wiki chache kabla ya kufa, na mama tangu hapo anaamini sindano ndiyo iliyomchukua. Niliona mikono yake inatafuta kitu cha kushika pale mapajani, ikashika kile kitambaa kitupu. Na mimi nilikumbuka jinsi daktari huyo huyo alivyotufundisha siku ya kwanza, kwamba dawa kali isipoendana na chakula na kazi inaweza kuishusha sukari ghafla, mtu akaanguka. Kalamu ikagusa karatasi.

"Si zake," nikasema.

"Umesemaje, binti? Sema kwa sauti."

"Hatua. Ni zangu. Simu nakaa nayo mimi. Maji nachota mimi, naenda nayo shule. Mama haendi popote. Na kulima walilima watu wa jumuiya. Mama alikuwa amekaa. Halafu jioni namwambia aongeze chakula."

Nilisema yote kwa pumzi moja, macho kwenye viatu vya daktari. Hata moto wa ile ndala niliusema. Kalamu ikalazwa mezani.

"Kazi za nyumbani ni mazoezi," daktari akasema taratibu. "Sana tu. Anayepanda mlima na maji hana haja ya kukimbia barabarani. Lakini zinamsaidia aliyezifanya. Kwa hili daftari, mwenye afya njema hapa ni wewe."

Mama alikuwa ananiangalia. "Zile ndizi," akasema.

"Ndiyo, mama."

"Zote?"

"Zote."

Daktari akamwambia avue viatu, afumbe macho, na aseme "hapo" kila akiguswa. Akachukua pamba. Kisigino, mama akasema hapo. Unyayo katikati, hapo. Akagusa kidole gumba. Mama kimya. Akagusa tena. Mama bado anasubiri, macho ameyafumba, uso mtulivu kabisa, kama mtu ambaye zamu yake haijafika. Akagusa mara ya tatu. Sijawahi kuogopa kimya kama kile.

Sindano ziliahirishwa wiki mbili. Vidonge vile vile, chakula kwa kipimo cha kweli, viatu vya kufunika, na kila jioni nimkague nyayo. Ganzi iliyoingia huenda isitoke, daktari alisema, ila tunaweza kuizuia isipande. Baada ya hizo wiki mbili ataamua.

Asubuhi yake alivaa raba zangu za zamani na soksi. Akanyoosha mkono bila kunitazama. "Lete simu." Akaifunga kwenye pindo la kitenge, akachukua kidumu cha lita tano. Nikashika ndoo yangu. "Weka chini. Wewe njoo na mikono yako. Utarudi baadaye kuchota yako."

Tulipofika kwenye migomba ya jirani, nilitamani ardhi inimeze.

"Heee! Macho yangu yanaona nini? Mgonjwa anabeba na mzima anapunga mikono?"

"Mwache, mama," mama akajibu bila kusimama. "Aliniibia."

"Kakuibia nini?"

"Maji yangu."

Kwenye chemchemi alikaa juu ya jiwe, anahema. Akafungua pindo, akanipa simu. "Soma."

Hatua mia saba na kumi. Nilisoma mara mbili moyoni. Kuongeza sifuri moja ni jambo dogo sana.

"Mia saba na kumi, mama."

"Ndizi ya jioni?"

"Hairuhusu."

Akafyonza, akaifunga simu kwenye pindo, akanyanyua kidumu na kuanza kupanda. Njia ile ina mawe yenye ncha. Nikamfuata nyuma, mikono mitupu, macho kwenye zile raba, naangalia kila anapokanyaga.