Nyasi Mbichi Sebuleni

Juzi, kwenye geti la kiwanda cha kukoboa kahawa, niliwaona wanawake wakiwapelekea ndizi na kuni wafanyakazi waliogoma. Nikakumbuka mchana ule wa utotoni, kwetu Kibingo.

Majirani waliingia bila kelele, wamejitwika mikungu ya ndizi na mizigo ya kuni, wakatandaza nyasi mbichi sebuleni. Harufu ile niliijua, ilikuwa ya msibani. Na baba alikuwa kiwandani tangu asubuhi. Mama alimenya ndizi bila kulia, nikadhani hajaambiwa, nikaogopa kuwa wa kwanza kumwambia.

Jua lilipopoa wakaja wanaume, baba katikati yao, vumbi la kahawa kwenye nyusi. Nilijificha nyuma ya mama.

“Mbona humwamkii baba yako?” mama akaniuliza.

Maiti haipewi shikamoo.

Sasa najua kwamba walikuwa wamegoma, wakafungiwa geti, na chama chao cha wafanyakazi kikahamishia mkutano kwetu; nyasi zilikuwa za wageni kukalia. Wageni walipoelewa nilichodhani walicheka, na mama akacheka nao. Lakini nilikuwa nimeushika mkono wake, nao ulinibana vidole mpaka vikaniuma.