Bomba Lililopita Malka

"Bomba nililolaza mimi, hata kiboko alichezee ngoma juu yake, halitoi jasho!"

Maneno hayo Laban aliyatamka mbele ya Garsen nzima, amepanda juu ya pipa tupu la mafuta ya taa, siku koki ya Mahmud mwenye duka ilipofunguliwa kwa mara ya kwanza. Hakuna aliyemuuliza kitu. Lakini Laban hakuwa mtu wa kungoja kuulizwa. Alikuwa Mpokomo wa Ngao, mfupi, kifua mbele kama jogoo, na kazi ya mabomba alijifunza Mombasa kwa Mhindi mmoja aliyefundisha kwa matusi. Ufundi Laban aliushika vizuri. Matusi aliyashika vizuri zaidi.

Na kazi yenyewe, kusema kweli, ilipendeza. Juu ya ukingo wa mto palisimama tangi. Injini ndogo ilivuta maji ya Tana, mekundu kama chai ya maziwa, yakatulia humo mpaka tope likazama. Kisha bomba likapita chini ya ardhi hadi nyuma ya duka la Mahmud, ambako kulikuwa na koki ya mpini, ya kufungua na kufunga kwa kuupiga mpini kibao kimoja. Katikati, kati ya tangi na duka, ilipita malka: ile njia pana ya bondeni ambayo ng'ombe wa Waorma huteremkia mtoni kunywa, tangu mababu wa mababu. Hapo Laban alichimba mtaro wa kufika pajani. Kwato za ng'ombe alizijua, na wenye ng'ombe aliwajua pia.

Kiangazi cha mwaka ule kilipokaza, koki ya Mahmud ikaanza kukohoa. Maji yakatoka membamba kama uzi. Tangi likijazwa asubuhi, adhuhuri liko tupu. Halafu watu wakaona matope katikati ya malka. Matope, wakati hata mate yalikuwa adimu! Mahmud akasimama juu ya matope yale, mikono kiunoni, akatoa hukumu kwa neno moja.

"Ng'ombe."

Jua halijazama, neno lile lilikuwa limekwisha kufika kwa Chifu, na Chifu akasema kama ni hivyo malka ifungwe kwa miiba.

Mtu asiye wa huko anaweza kudhani kufunga njia ni kufunga njia. Malka nyingine ilikuwa mbali, kupita Minjila, na ng'ombe wa kiangazi kile walikuwa mbavu zinazotembea. Wangekwenda huko kunywa, lakini wasingerudi. Galgalo, mzee wa Waorma waliopiga kambi juu ya bonde lile, aliposikia habari hakupiga kelele. Alikaa chini tu. Mkewe Nuria, aliyeuza maziwa Garsen nzima, ndiye aliyepiga kelele kwa niaba ya wote wawili.

Laban wakati huo yuko Ngao, anagombana na mwalimu mmoja juu ya pipa lake la maji moto, lile la kukaa juu ya kuni nyuma ya nyumba. Mwalimu, kwa kubania mvuke, alikuwa ameziba bomba la kupumulia kwa gunzi la muhindi.

"Mwalimu, pipa hili lazima lipumue! Ukiliziba pua, siku moja litapumulia jikoni kwako, na wewe tutakuokota kwenye migomba!"

Hapo ndipo alipotokea Tuneya, kaka wa mkewe Laban, anahema na kucheka kwa pamoja. Tuneya alikuwa na shamba kando ya malka, na kila mwaka ng'ombe walimsaidia kuvuna bila kualikwa.

"Shemeji, neema imeshuka! Malka inafungwa. Ng'ombe wa Galgalo wamevunja bomba lako. Chifu anataka fundi mwenyewe aje aseme neno moja tu."

"Neno gani?"

"Ndiyo."

Laban akaweka spana chini polepole, kama mtu anayeogopa mkono wake mwenyewe.

"Ng'ombe? Avunje bomba langu?"

"Shemeji, tulia. Wewe unapata kazi ya kulaza jipya, mimi napata mahindi yangu. Kuna aliyekufa hapo?"

"Jina langu limekufa, mjinga wewe! Nimewaambia watu kiboko, wewe unaniletea ng'ombe? Tena ng'ombe mwenye njaa?"

Njia nzima ya Garsen alitukana. Alimtukana Mahmud, akamtukana Chifu, akatukana jua. Tuneya alimfuata nyuma akitafuta mahali pa kuingiza neno, hakupata.

Walipofika malka, miiba ilikuwa imekwisha kukatwa na kurundikwa pande mbili. Ng'ombe wamezuiliwa juu ya bonde, wanaunusa mto wasioweza kuufikia, na mlio wao ulikuwa mbaya kusikiliza. Chifu amekaa kwenye kiti alicholetewa. Mahmud amesimama ubavuni kwake.

"Fundi, karibu," akasema Mahmud, sauti tamu kama halua. "Sema tu unavyoona, tusipoteze muda wa Chifu."

"Ninavyoona ni kwamba hakuna aliyechimba! Mmehukumu bomba bila kulitazama? Leta jembe!"

Akachimba mwenyewe, pale pale kwenye matope. Nuria akaweka vibuyu vyake vya maziwa chini.

"Chimba, we Laban! Leo tutamwona kiboko wako na ngoma yake!"

"Mama Nuria, nyamaza nikuokolee ng'ombe zako!"

Bomba likatokea. Laban akalifuta tope kwa shati lake, akalipiga kwa spana urefu wote wa matope. Zima. Hata mkwaruzo halikuwa nao. Akaruka nje ya shimo, macho yamewaka.

"Mmeona? Ng'ombe gani? Kiboko gani?"

Watu wakashangilia. Galgalo akainuka. Lakini Chifu hakuinuka.

"Bomba zima, vizuri. Na matope haya yametoka mbinguni? Mimi naona matope kwenye njia ya ng'ombe. Nionyeshe tundu, fundi. La sivyo miiba inasimama leo."

"Bwana Chifu, unyevu ni mlalamishi, si mwizi! Maji hayaonekani pale yanapovuja. Yanafuata mtaro, yanatambaa kando ya bomba mpaka mahali pa chini kabisa, ndipo yanajitokeza. Nyumbani kwako ukuta ukilowa chini, usibomoe chini. Tazama juu!"

"Basi tazama juu."

Juu, hatua chache tu, kulikuwa na duka la Mahmud. Na Mahmud ghafla akawa mkarimu. "Ah, si lazima tufike ukutani kwangu. Jua kali, watu wamechoka..."

Wakati huo huo kijana wake wa dukani, huko nyuma, alikuwa anawapimia akina mama maji, akaifunga koki kama alivyofunzwa na tajiri wake, kwa kibao kimoja, tone lisizidi. Ardhi ikalia: *ngo!* Watu wakaruka. Mlio ulitoka kwenye kona ya ukuta, chini, kama mtu aliyezikwa anabisha hodi.

Laban akaenda mbio, watu nyuma yake, na Chifu akafuata na kiti chake kimebebwa. "Nilikwambia, Mahmud! Siku ya kwanza nilikwambia! Koki hufungwa kama mlango wa chumba alicholala mtoto! Maji yako mbioni, wewe unayabamizia mlango usoni. Yatarudi na hasira, na hasira yatamalizia kwenye kona! Ulisemaje? Ulisema, 'Fundi, wewe laza bomba, kufunga niachie mimi!'"

Akachimba kwenye kona kwa hasira ya wiki nzima, udongo ukimrukia Mahmud kwenye kanzu. Maji yakachuruzika shimoni. Chini yake kilikuwepo kile kiungo cha kona, ambacho mafundi hukiita elbo, kimepasuka mdomo na kimeponyoka nusu kutoka kwenye bomba.

"Hiyo hapo!" akapiga kelele. "Hiyo ndiyo kazi ya mkono wako!"

Akaing'oa, akaiinua watu waione. Na ilipotoka, ncha ya bomba ikabaki wazi shimoni, akaiona na yeye.

Bomba lililopaswa kuingia ndani ya elbo lilikuwa na meno mafupi ya kukazia. Mizunguko miwili tu, labda na kidogo. Uzi wa katani umefungwa mwingi kuficha upungufu. Kidole gumba chake kilipita juu ya meno yale kikaacha kusogea. Kona hii aliifunga mwisho. Siku ile watu walikuwa wamekwisha kukusanyika, pipa la mafuta ya taa limekwisha kugeuzwa, na yeye alikuwa na haraka ya kulipanda.

Hasira yake ikatafuta mtu wa kumwangukia. Wote walikuwa wamekwisha kutumika.

Mahmud, ambaye macho ya biashara hayakumtupa hata siku hiyo, akasogea. "Mkono wangu ulibamiza, sawa. Na meno hayo alikata nani?"

Tuneya akamvuta shemeji yake kwenye kiwiko, akinong'ona. "Sema ng'ombe wametikisa ardhi ikapasuka. Chifu hajui bomba. Funika shimo, twende zetu."

Kutoka juu ya bonde ng'ombe wakalia tena. Galgalo alikuwa anamtazama Laban, hamwombi kitu.

"Niache!" Laban akamsukuma Tuneya. Kisha akamgeukia Chifu na kusema kwa sauti ile ile ya matusi, kama anamsema mtu mwingine. "Ng'ombe hawahusiki hata kwa mkia. Huyu anabamiza koki kama mlevi. Lakini kona iliyokatwa meno vizuri ingevumilia. Hii haikukatwa vizuri. Aliyeikata ni mimi. Sasa ondoeni miiba yenu!"

Kisha Chifu akainuka kwenye kiti, akapunga fimbo yake kuelekea bondeni. Vijana wa Galgalo hawakungoja miiba iondolewe. Waliipiga mateke wenyewe. Ng'ombe wakateremka malka kwa vumbi na kelele, wakapita juu ya bomba lililoachwa wazi, wakaingia mtoni hadi tumboni.

Galgalo akapita karibu na shimo. "Labani," akasema kwa Kiswahili chake cha malishoni, "ng'ombe yangu nakunywa." Basi.

Nuria ndiye hakuweza kuliacha. "Na kiboko je, fundi? Mbona hatukumwona?"

"Mmemwona," Laban akajibu, anafuta tope usoni. "Ametoka Ngao leo asubuhi, kabeba spana."

Watu wakacheka mpaka wengine wakakaa chini. Laban hakucheka. Wala Tuneya, ambaye mpaka mavuno hakumwita tena shemeji.

"Na elbo mpya?" akauliza Mahmud.

"Nitanunua mimi! Na koki naiondoa hiyo, nakutilia ya kuzungusha, hata mlevi aifunge polepole!"

Ikaagizwa kwa dereva wa lori la Mombasa. Elbo ya inchi moja, kwa bei ya siku zile: shilingi mbili na senti hamsini.