Mtoto Mmoja, Mistari Mitatu

Nakumbuka asubuhi moja pale zahanati ya Quionga, pwani ya kaskazini ya Msumbiji, mwanangu, na mpaka leo nikiikumbuka situlii. Ilikuwa miaka ile gesi imeonekana baharini. Kila kijana alitaka kazi Palma, mji wa jirani zilikofika kampuni za gesi, nami muuguzi mwandika daftari nikiwa wa kwanza. Mkono unaandika, macho yapo barabarani yanatafuta gari la kampuni.

Kwetu mtoto akiuguaugua hubadilishwa jina, husemwa lile la kwanza limemlemea. Mjukuu wa Bi Zaina alikuja na homa akiitwa Saidi. Akarudi yu Bakari. Akarudi tena yu Hamisi. Nilimjua vizuri, hata kovu lake la kidevuni. Lakini kupekua kurasa za nyuma ni kazi, basi kila mara nilimwandika mgonjwa mpya, nikampa dawa ileile, nikafunga daftari.

Siku hiyo walikuja watafiti na daktari wao, mama mmoja mpole. Walikuwa wakipitia madaftari ya pwani wajue dawa ipi ya homa imeanza kushindwa. Akasoma langu, akafurahi: watoto watatu, kila mmoja katibiwa mara moja, hakuna aliyerudi. Nikavimba kichwa, jamani!

Kabla hajalifunga, Bi Zaina akaingia na mtoto mgongoni, mwili unawaka, shingo haijiwezi. Daktari akaagiza dawa ileile.

"Hiyo keshapewa mara tatu," Bi Zaina akasema.

"Daftari halisemi hivyo, bibi."

Bibi akanigeukia mimi. "Jina tulibadili sisi, kijana. Ndwele ni ileile. Wewe ulimjua, mbona hukusema?"

Nilitamani ardhi inimeze. Mficha maradhi kifo humuumbua, nami niliyaficha ya mtoto wa mwenzangu! Nikafungua kurasa, nikaonyesha mistari mitatu, nikasema huyu ni mmoja. Daktari akabadilisha dawa papo hapo. Siku tatu nilishinda kando ya kitanda chake. Ya nne, mtoto akaomba uji.

Watafiti wakarudi kwenye zahanati walizokwisha kupita, wakauliza upya: na hao wenu waliopona, walibadilishwa majina? Wakawapata kina Saidi wengine, waliopewa dawa ileile chini ya majina mapya bila kupona.

Mwanangu unayeshika kalamu, au hiyo mashine yenu ya siku hizi, mstari unaouandika leo atatibiwa nao mtoto usiyemjua. Uliza jina la zamani. Ukikosea sema mapema, aibu haiui. Mungu akujaalie mkono usio na pupa, na akuepushe na siku ya kugeukiwa na bibi kama yule. Amin.