Fundi Bomba Alipochunguzwa Ini

Mume wangu ni fundi bomba, na ugonjwa wake wa kwanza ni udadisi. Akialikwa chakula kwa watu, kabla hajanawa atauliza tangi la maji liko wapi. Homa ya ini aina ya B ilikuja baadaye, ikamtia ini makovu, na kwa miaka minane tumekuwa tukienda kupima kila baada ya miezi sita.

Safari hii altrasaundi ilionyesha kivimbe kama harage. Picha ya CT nayo haikukata shauri: huenda ni saratani, huenda ni kinundu cha kawaida cha ini lenye makovu. Wiki tatu nzima sikupata usingizi. Yeye alilala fofofo, akiamka ananiuliza eti damu huingiaje humo ndani.

Kwa hiyo daktari wa picha alipotueleza kipimo kingine, nilijua ameuchokoza ule udadisi. Wangemchoma mshipani dawa yenye viputo vidogo mno, viende na damu hadi kwenye ini, ving'ae kwenye skrini. Kivimbe cha saratani aghalabu huwaka mapema kuliko ini, kisha hufifia wakati ini bado linang'aa. Kisipofifia, kuna matumaini. Kazi ni kukitazama dakika tano bila kukipoteza. Mume wangu akauliza viputo vikimaliza kazi hutokea wapi. Kwa pumzi, akajibiwa. Akauliza kama havikwami kwenye kona. Nikamkanyaga mguu.

Akalazwa ubavu, mkono juu ya kichwa, skrini ikiwa upande wa mgongo wake. Muuguzi akasukuma dawa, akabonyeza saa. Sekunde ya ishirini kivimbe kikawaka peke yake. Na huyu bwana, aliyeambiwa mara tatu asijitikise, akainua mabega achungulie. Mbavu zikasogea, kivimbe kikapotea. Walikitafuta mpaka viputo vikaisha.

Nilitamani kumzaba kofi, awe mgonjwa asiwe mgonjwa. Daktari hakukasirika, alisema tungoje robo saa, arudie. Nikamuuliza mume wangu ni fundi gani anayetikisa bomba analolikagua. Hilo lilimwingia.

"Basi angalia wewe, mama watoto," akasema. "Mimi nafumba macho. Ila uniambie ukweli, usinipake mafuta kwa mgongo wa chupa."

Nikaangalia. Kikawaka kama mwanzo. Dakika ya kwanza kilikuwa sawa na ini. Ya pili vivyo hivyo, nami nikaanza kupumua. Ya tatu nilidhani macho yangu yamechoka. Kisha kikafifia, doa la giza katikati ya ini linalong'aa.

"Unaona nini?" mume wangu akauliza.

Ningeweza kumdanganya, macho yake yalikuwa yamefumbwa.

"Kimezima," nikamwambia.

Alivuta pumzi polepole, mbavu zisisogee. "Dakika ya ngapi?"

"Ya tatu na nusu." Nikamshika mguu, maana ndio uliokuwa karibu, nikalia.

Daktari alizimaliza dakika zote tano ndipo akasema. Ni saratani, lakini ni kivimbe kimoja, bado kidogo, na kinaweza kuunguzwa kwa sindano ya joto. Akamgeuzia mume wangu skrini ajionee. Mume wangu akafumbua macho, akanitazama mimi.