Mkojo Wangu Kwenye Kikombe cha Mdogo Wangu

Yalikuwa mafua ya kawaida tu. Nyumba nzima pale Kiseke tulipiga chafya. Mimi yakaniisha. Mdogo wangu yakamwachia madoa mekundu miguuni na makalioni, vifundo vikamvimba hata kutembea akashindwa. Daktari alimweleza mama kwamba mwili, baada ya kupigana na virusi, ulikuwa umegeuka kushambulia mishipa yake wenyewe midogo ya damu. Watoto wengi hupona, alisema, ila zichungwe figo. Kila asubuhi mama autazame mkojo. Ukifanana na chai ya rangi, amrudishe haraka.

Basi ikawa raha yake. Mtoto wa miaka saba anabebwa mgongoni! Samaki sato wa kuchemsha anawekewa mzima, mimi dagaa. Nilikuwa na miaka tisa, na wivu ulinikaba hadi nikawa najichunguza miguu bafuni nikitafuta walau doa moja. Wapi.

Asubuhi moja nilimsindikiza chooni na kikombe chake cha plastiki. Alipoona alichokojoa, akaanza kulia. Ulikuwa wa kahawia. Sindano hakuzitaka tena, akaniomba nikojoe mimi badala yake. Nilijua kabisa maana ya rangi ile. Nikaumwaga, nikakojoa wangu.

Mama alikiinua kikombe dirishani, akakigeuzageuza, akatabasamu. "Safi kabisa," akasema. Jamani, mkojo wangu ulisifiwa, nami nikajiona wa maana. Kesho yake nikarudia, na keshokutwa.

Siku ya nne mdogo wangu aliamka macho hayafumbuki, uso umeumuka kama andazi. Mama akawa anajiuliza kwa sauti imekuwaje, na mkojo ulikuwa safi. Nikamwambia ule mkojo ni wangu. Nilingoja kibao. Akanikazia macho, mara ya kwanza tangu yale madoa yatokee, akauliza:

"Na wewe, unaumwa?"

Mdogo wangu alilazwa, akameza vidonge miezi mingi, figo zikapona. Alishanisamehe zamani. Asichojua, wala mama hajui, ni kwamba swali lile lilinifurahisha. Mama anamfunga mwenzangu mgongoni kwa kanga, na mimi nimesimama pale mlangoni, nafurahi kwamba nimeulizwa.