Neno la Siri Kwenye Daftari la Wageni

Jamani, sijatulia tangu asubuhi.

Wiki nzima nimemtafutia babu mfumo wa kompyuta ulio rahisi, usioingiliwa ovyo na virusi. Leo nimemwekea kwenye kompyuta yake, hapa kwake mtaani Cheyo.

Nikampa neno la siri. "Babu, hili usimpe mtu."

"Nimekuelewa."

Sasa, babu alikuwa balozi wa nyumba kumi enzi za Ujamaa. Mpaka leo, ukiingia kwake lazima usaini daftari la wageni.

Mama wa jirani kaja, kafungua daftari asaini. Neno la siri hilo hapo, kwa wino mwekundu!

"Babu!"

"Sasa wenzangu wakitaka kuitumia, wataifunguaje?"

Nimelibadilisha neno. Babu kashika kalamu, ananisubiri nimtajie jipya.

Nifanyeje?